Kubadili Prosesa ya Kompyuta Ndogo ya Mezani: Mambo ya Kuzingatia kwa Ofisi, Shule na Watoa Huduma wa Malambo

Na Mwandishi Wetu, Ngorongoro

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha utoaji wa kawaida wa masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zinazoutumia hazikuzimika siku hiyo na wala hazitazimika, lakini kila udhaifu mpya utakaogunduliwa ndani ya mfumo huo utabaki wazi kwa wale wasio na mpango maalumu wa kuendelea kulindwa. Kwa sababu hiyo mwenye kompyuta ndogo ya mezani iliyotengenezwa kati ya mwaka 2014 na 2017, ambazo ni nyingi miongoni mwa zile zinazoingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya na Marekani, anajikuta na maswali mawili yanayochanganyika kuwa moja: kompyuta yangu imekuwa nzito, na sasa naambiwa imepitwa na wakati, je, nikibadili prosesa yake, itafaa tena?

Makala haya yanajibu swali hilo kwa kuitazama Kata ya Malambo, Tarafa ya Sale, Wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu kosa la manunuzi ambalo mjini hurekebishwa kwa kurudi dukani alasiri ile ile, Malambo hugharimu safari. Makao makuu ya Halmashauri yako Loliondo. Anayefuata kipuri Karatu au Arusha hulazimika ama kukatisha Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, ama kuzunguka kwa njia ya Engaresero na Mto wa Mbu. Mtu akifika na prosesa isiyoingia kwenye soketi ya kompyuta yake, nauli imepotea, fedha ya kipuri imekwama, na kazi iliyokuwa ikingoja bado inangoja. Kazi yenyewe si ndogo: taarifa za fedha za kituo zinazopelekwa kwa mfumo wa FFARS, kumbukumbu za wagonjwa katika mfumo wa GoT-HOMIS, usajili wa watahiniwa, au ombi la mkopo wa elimu ya juu la kijana aliyefika kwenye steshenari siku mbili kabla ya dirisha kufungwa.

Kwanza ijulikane kinachochelewesha

Prosesa, ambayo wataalamu wa lugha huiita pia kichakataji, ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Ni kawaida basi kuilaumu pale mashine inapokuwa nzito. Hata hivyo, katika kompyuta nyingi za ofisi lawama hiyo haiiangukii kwa haki.

Upo uchunguzi usiogharimu chochote. Fungua programu zote unazotumia siku ya kazi, kisha bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kwa asilimia ni kiasi gani cha prosesa, RAM na diski kinatumika kwa wakati huo. Litazame kwa dakika chache wakati mashine inapokwama. Ikiwa diski imesimama kwenye asilimia 100 ilhali prosesa iko kwenye 20 au 30, prosesa mpya haitaleta nafuu yoyote ya kuonekana. Kinachotakiwa ni kuondoa diski ya kuzunguka ya zamani na kuweka diski ya SSD. Ikiwa RAM imejaa, kama inavyotokea kwenye mashine yenye gigabaiti 4 inayofungua kurasa kadhaa za mtandao kwa pamoja, dawa ni kuongeza RAM. Kwa kuwa mifumo mingi ya Serikali siku hizi hutumiwa kupitia kivinjari cha intaneti, na vivinjari ni walaji wakubwa wa RAM, hali hii ya pili ni ya kawaida sana. Wakati wa kununua ikumbukwe kwamba nyingi ya kompyuta hizi ndogo hutumia kadi fupi za RAM, aina ile ile inayowekwa kwenye kompyuta mpakato, wala si zile ndefu za kompyuta kubwa za mezani.

Ni pale tu prosesa inapoonekana kushikilia asilimia 90 na kuendelea kwa muda mrefu, huku diski na RAM zikiwa na nafasi, ndipo mazungumzo ya kuibadili yanapokuwa na msingi.

Hata hapo lipo jambo moja la kuangalia kabla ya kutoa fedha, na kwa Malambo jambo hilo ni zito kuliko kwingi: vumbi. Kata hii iko kaskazini mwa nyanda za juu za Ngorongoro, katika ukanda wa mvua haba, na udongo wa nyanda zilizo jirani na Ol Doinyo Lengai umechanganyika na majivu ya volkano yaliyo laini mno. Feni ya kompyuta ndogo huvuta hewa kupitia matundu membamba na kuipitisha kwenye mapezi ya chuma yaliyobanana. Mapezi hayo yakizibwa, joto hukosa pa kutokea, na prosesa ikikaribia kikomo chake cha joto hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Mtumiaji huona mashine nzito na kudhani imezeeka, kumbe imezibwa pumzi. Kuifungua, kuisafisha kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, na kubadili pesti ya kupitishia joto iliyokauka ni kazi ya chini ya saa moja, na mara nyingi huirudisha prosesa ile ile kwenye kasi yake ya awali. Usafishaji huu ungepaswa kuwa wa ratiba katika kila ofisi ya ukanda huu, angalau mara mbili kwa mwaka.

Mpaka ambao prosesa mpya haiuvuki

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezea fedha zao. Windows 11 hukubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7, na za AMD kuanzia zile za Ryzen 2000. Pia hudai sehemu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, RAM isiyopungua gigabaiti 4 na diski isiyopungua gigabaiti 64. Mwenye kompyuta ya kizazi cha 6 au cha 7 anaweza kufikiri kwamba atanunua prosesa ya kizazi cha 8, aiweke, na mashine ivuke. Haiwezekani kwa njia hiyo. Prosesa za vizazi vya 6 na 7 hukaa kwenye soketi iitwayo LGA 1151, na za vizazi vya 8 na 9 hukaa kwenye soketi yenye jina hilo hilo na idadi hiyo hiyo ya pini 1151. Lakini mpangilio wa umeme ni tofauti na ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi huuita mazabodi, hautambui nyingine. Jina moja, soketi mbili. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo, au anayeijua na kunyamaza, atamwambia mteja kwamba zinaingiliana kwa kuwa pini ni sawa.

Maana yake ni kwamba kubadili prosesa huongeza nguvu ndani ya kizazi cha ubao mkuu uliopo, hakuipandishi kompyuta daraja la mfumo endeshi. Anayetaka Windows 11 inayoungwa mkono rasmi kwenye mashine ya aina hiyo anahitaji mashine nyingine. Anayetaka kuendelea na aliyo nayo ana njia mbili halali. Ya kwanza ni mpango wa kulipia masasisho ya ziada ya Windows 10: kwa taasisi, Microsoft ilitangaza dola 61 za Marekani kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, kiasi kinachoongezeka mara mbili kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu, ambapo taasisi za elimu zenye mkataba unaohusika hutozwa dola 1, kisha 2, kisha 4. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na mkuu wa shule hana budi kuiulizia kabla hajaamua lolote. Njia ya pili ni mfumo huria wa Linux, usio na ada, ambao huendesha vivinjari vingi vikubwa. Kabla ya kuufuata, ithibitishwe na Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri kwamba hakuna programu ya kazi inayodai Windows pekee.

Je, prosesa inaweza kutolewa?

Si kila kompyuta ndogo ina prosesa inayobadilika. Zile bapa zenye prosesa za Celeron za herufi N au J, pamoja na zile ndogo za Intel zijulikanazo kama NUC, prosesa yake imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Hizo hazibadilishwi, na anayeahidi kuzibadilisha asipewe kazi. Kwa upande mwingine, kompyuta za kiofisi kama Dell OptiPlex 3050 Micro, Lenovo ThinkCentre M710q na HP EliteDesk 800 G3 Mini zina soketi, na prosesa yake hutoka na kuingia.

Kwa kundi hilo la pili, herufi iliyo mwishoni mwa jina la prosesa ni muhimu kuliko namba zilizotangulia. Herufi T humaanisha prosesa iliyobuniwa kwa kiwango cha joto cha wati 35. Zisizo na herufi hiyo mara nyingi ni za wati 65. Mashine nyingi za umbo hili zina kipoza joto na adapta zilizopimwa kwa prosesa za wati 35. EliteDesk 800 G3 Mini, kwa mfano, ilitengenezwa kwa matoleo mawili tofauti, la wati 35 na la wati 65, na yasichanganywe. Kuweka prosesa ya wati 65 katika kasha la 35 ni kununua kasi ambayo joto litaizuia isitumike.

Tuchukue mfano mmoja. OptiPlex 3050 Micro iliyokuja na Core i3-7100T ina prosesa yenye viini 2 vinavyokwenda kwa gigahezi 3.4. Mtu akiibadili kwa Core i5-7500T anapata viini 4, lakini kasi ya kawaida ni gigahezi 2.7 na ya juu kabisa ni 3.3. Kwa kazi inayotegemea kiini kimoja, kama kuandika barua au kufungua jedwali dogo, mashine haitakuwa nyepesi kuliko jana, pengine itazidiwa kidogo na ile ya zamani. Faida itaonekana pale kazi nyingi zinapokwenda sambamba. Core i7-7700T, yenye viini 4, uwezo wa kushughulikia mikondo 8 ya kazi kwa wakati mmoja na kasi inayofika gigahezi 3.8, inaishinda i3 hiyo pande zote mbili, na bado ni ya wati 35. Ikiwa mashine itabadilishwa prosesa mara moja tu katika uhai wake, na kwa mazingira ya Malambo ndivyo inavyopasa kuwa, hakuna haja ya kuishia njiani.

Suala la wati linawagusa zaidi wanaotumia umeme wa jua. Nyongeza ya wati 30 kwa saa 6 za kazi nzito ni saa-wati 180. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba takriban saa-wati 1,200, na ili idumu inashauriwa itumike nusu tu, yaani 600. Prosesa iliyochaguliwa bila kuangalia herufi T inaweza kula hadi theluthi moja ya akiba hiyo, na taa za chumba cha kujifungulia ndizo zitakazolipa gharama.

Prosesa inayouzwa ikiwa imetumika ichunguzwe maandishi ya juu yake. Za Intel za vizazi vinavyozungumziwa hapa huwa na msimbo unaoanza na herufi SR. Yenye msimbo unaoanza na Q ni ya majaribio ya kiwandani, haikukusudiwa kuuzwa, na baadhi ya mbao kuu hazitaiwasha. Iliyokwanguliwa maandishi isinunuliwe kwa bei yoyote.

Namna kazi inavyofanywa

Nakala ya taarifa zote iwekwe kwanza mahali pengine. Kisha, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, programu ya msingi ya ubao mkuu (BIOS) isasishwe hadi toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji, kwa maana ubao uliotoka kiwandani wakati wa kizazi cha 6 hauwezi kuitambua prosesa ya kizazi cha 7 bila sasisho hilo. Sasisho la BIOS likikatizwa na umeme huweza kuua ubao mzima, hivyo lisifanywe siku ambayo umeme hauna uhakika. Ikiwa diski imefungwa kwa usimbaji, usimbaji usitishwe kwa muda na ufunguo wake wa dharura uandikwe pembeni. Katika kompyuta nyingi za AMD ufunguo wa kawaida huhifadhiwa ndani ya prosesa yenyewe na huondoka nayo.

Kazi ifanywe asubuhi, kabla upepo haujaanza, madirisha yakiwa yamefungwa na meza imepanguswa kwa kitambaa chenye unyevu. Mashine iwashwe dakika chache ili pesti ilainike, izimwe, ichomolewe, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Hewa kavu hujaza mwili umemetuli, na cheche ndogo isiyohisiwa na kidole yatosha kuharibu prosesa. Fundi aguse chuma cha kasha kabla ya kushika kitu, na aendelee kukigusa mara kwa mara.

Skrubu za kipoza joto zilegezwe kwa kukingamana, kila moja kidogo kidogo. Kipoza kikigoma, kizungushwe taratibu kushoto na kulia. Kisivutwe kwa nguvu kwenda juu. Kipini cha soketi kikishafunguliwa, prosesa inyanyuliwe kwa kushikwa kingo zake. Katika soketi hizi pini ziko kwenye ubao, si kwenye prosesa, nazo ni nyembamba kama unywele: kidole kikizipitia, au skrubu ikiziangukia, ubao umeharibika. Prosesa mpya ina alama ya pembetatu kwenye kona moja na vijongoo viwili pembeni vinavyolingana na soketi. Ilazwe bila kusukumwa. Ikihitaji kusukumwa, basi imewekwa vibaya au si yake.

Mabaki ya pesti ya zamani yapanguswe kwa spiriti safi, na mpya iwekwe katikati kwa kiasi cha punje ya choroko. Kipoza kirudishwe, skrubu zikazwe kwa kukingamana, na waya wa feni usisahaulike. Uwashaji wa kwanza unaweza kuchukua muda kuliko kawaida na mashine inaweza kujizima na kujiwasha, isikatizwe. Jina la prosesa mpya likionekana ndani ya BIOS, mashine ipewe kazi nzito kwa nusu saa huku ikisikilizwa feni yake. Inayozima ghafla ina kasoro ya kipoza au adapta, na isirudishwe mezani kwa mtumiaji mpaka kasoro hiyo ipatikane.

Kompyuta ya umma si ya kufunguliwa na yeyote

Mwenye steshenari anaweza kuamua leo na kubadili kesho. Mtendaji wa kata, mwalimu mkuu na mganga mfawidhi hawana uhuru huo, na ni sawa wasiwe nao. Kompyuta ya ofisi imo katika daftari la mali za Halmashauri, na matengenezo yake hupitia Kitengo cha TEHAMA. Viwango vya vifaa na mifumo ya taasisi za umma vinasimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, na ununuzi wa vipuri huongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 kupitia mfumo wa NeST. Utaratibu huu unaweza kuonekana mrefu kwa kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Unachozuia ni mashine ya Serikali kufunguliwa mtaani, kipuri kizuri kutolewa na kibovu kuwekwa, bila mtu wa kuthibitisha kilichokuwamo mwanzo.

Kwa hiyo mtumishi anapoandika ombi lake, aandike aina na namba ya toleo la kompyuta, jina kamili la prosesa iliyopo, kiasi cha RAM, aina ya diski, na asilimia alizoziona katika dirisha lililoelezwa mwanzoni. Ombi lenye maelezo hayo humwezesha afisa aliye Loliondo kuamua bila kusafiri, na akisafiri, aje na kipuri sahihi.

Diski ibaki ofisini. Mashine yenye majina na magonjwa ya watu haipaswi kupelekwa kwa fundi ikiwa na taarifa hizo ndani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kutoa diski kabla ya safari ni kazi ya skrubu chache.

Prosesa iliyotolewa nayo ni mali. Irudishwe pamoja na maandishi yanayoonyesha imetoka mashine ipi, kwani inaweza kuifufua nyingine ya kizazi hicho hicho yenye prosesa mbovu. Ikiwa haifai tena, isitupwe kwenye shimo la taka la kijiji ambako mifugo hupita. Pamoja na betri na adapta zilizokufa, iwekwe kwenye sanduku moja lililofungwa na kurejeshwa Halmashauri, ili ikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali kwa mujibu wa kanuni za usimamizi wa taka za kielektroniki za mwaka 2021.